UZI: Kiwanda kikimwaga sumu mtaani, mkaazi ana haki gani?

Juzi nilihudhuria mjadala wa wagombea mtaani kwetu. Mama mmoja akasimama, akauliza kuhusu maji yenye harufu kali yanayotoka kiwandani na kupita nyuma ya nyumba zao. Mgombea wa kwanza: "Nikiingia, kila mtu atalipwa fidia!" Makofi. Wa pili: "Tuambiane ukweli, hao ni maskwota, hawana hata hati miliki. Wataenda kortini na nini?" Makofi tena, na wengine ni walewale waliompigia wa kwanza.

Mimi ni mwanafunzi tu wa sayansi ya siasa, si wakili. Lakini hii mada tumeisoma, na wote wawili walituuzia hewa.

Tuanze na huyu wa hati miliki. Kifungu cha 42 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Kila mtu, wala sio kila mwenye ploti. Hati miliki ina maana ukidai ardhi. Ukidai kwamba mtoto wako amekunywa sumu, hakuna mtu wa kukuuliza titeli.

Na hili si la vitabuni pekee. Mnakumbuka Owino Uhuru, Mombasa? Kijiji cha mabanda, ukuta kwa ukuta na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi. Moshi ukaingia nyumbani, maji machafu yakapita vichochoroni. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa kwenye kiwanda hicho, na mtoto wake mwenyewe akapatikana na risasi mwilini. Ndipo akaanza kuwapigania majirani. Kiwanda kikafungwa 2014.

Kesi ilifika Mahakama ya Mazingira na Ardhi 2016, kwa niaba ya wakaazi kama 3,000. Julai 2020 jaji akawapa shilingi bilioni 1.3, na akaamuru eneo lisafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo ziongezwe milioni 700 za kulisafisha. Sasa skiza hapa: lawama haikuwekwa kwa mwenye kiwanda peke yake. Mashirika ya serikali pia yalibebeshwa, na NEMA ikapata fungu kubwa zaidi, asilimia 40. Yaani aliyepewa kazi ya kulinda akalala, naye analipa. Kwa hivyo mgombea akikuambia "hiyo ni shida kati yenu na mwekezaji", mkumbushe Owino Uhuru.

Pia si lazima ungoje mtu augue. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kuomba uchafuzi usimamishwe au uzuiwe kabla haujaanza, bila kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia au kupata hasara. Na Kifungu cha 22 kinaruhusu mmoja ashtaki kwa niaba ya wengine, ndiyo maana si lazima watu 3,000 wajipange foleni kortini. Hii sehemu huwa siisikii kabisa kwenye mijadala. Wanasiasa wetu hupenda fidia, kwa sababu fidia inapigwa picha.

Lakini ukitaka pesa, ushahidi ni wako. Hapa ndipo watu huteleza. Mtoto akikohoa au ngozi ikitoka malengelenge, mpeleke hospitali na utunze kila karatasi. Piga picha zenye tarehe. Maji yapimwe na maabara inayotambulika. Ukiandikia NEMA au kaunti, beba nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Barua ya muhuri ina nguvu kuliko maandamano matatu, kwa sababu inaonyesha waliambiwa na wakanyamaza. Na Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba serikali ikuonyeshe leseni na ripoti ya athari za mazingira. Omba kwa maandishi.

Halafu kuna saa inayokimbia. Kesi ya kawaida ya madhara dhidi ya kampuni, una miaka mitatu. Dhidi ya serikali, miezi 12 tu! Kesi ya kikatiba haina muda maalum namna hiyo, ila ukichelewa bila sababu ya maana jaji atakuuliza ulikuwa wapi. Chifu akiwaambia "tulieni, tunalishughulikia", tulieni mkiwa tayari mmeona wakili.

Sasa turudi kwa yule wa "kila mtu atalipwa". Owino Uhuru walishinda 2020. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufaa ikafuta kile kiwango cha fidia, ikasema hesabu ifanywe upya. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile tuzo ya 2020. Kutoka kufungua kesi hadi hapo ni miaka minane. Kwenye miaka minane mtoto wa darasa la kwanza anafika sekondari.

Na hata ukiwa na hukumu mkononi, sheria haikuruhusu kutuma dalali apige mnada magari ya serikali kama anavyouza viti vya jirani mwenye deni. Unapewa cheti cha deni, unampelekea afisa mhasibu wa wizara, kisha mnasubiri pesa zitengwe kwenye bajeti. Na bajeti inapitishwa na nani? Na haohao waliokaa pale mbele wakipigiwa makofi.

Ndio maana maikrofoni ilipofika kwangu sikuuliza kama atatulipa fidia. Nilimuuliza: ukiwa bungeni, deni la hukumu za mazingira utalitengea pesa kwenye bajeti ya mwaka upi, na utaliweka chini ya wizara gani? Akacheka, akasema hilo ni swali zuri sana. Msimamizi akasema muda umeisha.

Yule mama nilimpata nje baadaye. Tayari ana chupa mbili za yale maji, amezifunga kwenye karatasi ya nailoni na kuandika tarehe kwa kalamu ya wino.