Jiwe la Kijani na Ndoo ya Maji

Mwadingusha, huko Kongo, inajulikana kwa umeme. Kampuni ya madini ya Union Minière ndiyo iliyoujenga ukuta wa bwawa kwenye mto Lufira, penye maporomoko ya Cornet, na mitambo ikaanza kazi mwaka 1930. Nyuma ya ukuta ule likatanda ziwa Tshangalele. Mwaka 2021, baada ya ukarabati mkubwa, mitambo yote sita ilirudi kazini ikiwa na uwezo wa megawati 78. Maji yake hushuka zaidi ya mita 100 kabla ya kuzungusha turbini, na kila lita elfu moja zikishuka kimo hicho hutoa kama robo ya kilowati-saa. Hesabu hiyo yote imesimama juu ya tarakimu ambayo mwanafunzi huikariri bila kuielewa: mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000.

Hiyo ndiyo densiti: kitu kina uzito gani kwa nafasi kinayoijaza. Kanuni yake inaandikwa ubaoni kwa nusu dakika. Kuiamini ndiko kugumu.

Muulize mtoto kwa nini jiwe huzama, atajibu kwamba ni zito. Lakini gogo la kilo 80 huelea Tshangalele, na kokoto ya gramu tano huenda chini moja kwa moja. Ndiyo maana mwalimu mzuri hatumbukizi kitu majini kabla kila mwanafunzi hajabashiri na ubashiri wake kuandikwa ubaoni. Asiyebashiri hutazama tu kama anayetazama mpira wa timu asizozijua. Kipande cha ubao wa msonobari huwapa wengi ushindi wa haraka. Kikifuata cha mpingo, ambacho huzama, darasa huanza kubishana, na hapo ndipo somo linapoanza.

Shule isiyo na maabara haijakosa vifaa. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ni jiwe la mizani la gramu 500, mbali na uzito mdogo wa chupa yenyewe. Kijiti kilichofungwa kamba katikati ni mizani. Ili kujua ujazo wa kitu kisicho na umbo la kupimika kwa rula, kinatumbukizwa kwenye chombo kilichojaa pomoni, kisha maji yaliyomwagika hupimwa. Mwanazuoni Al-Biruni alipima vito na madini kwa njia hiyo karibu miaka elfu moja iliyopita, kwa chombo alichokibuni mwenyewe.

Katika eneo la Likasi, mji wa machimbo wa Kongo hiyohiyo, jaribio hilo lina utamu wake. Jiwe jeupe la kwatzi lenye ujazo wa mililita 100 lina kama gramu 265. Malakiti safi, lile jiwe la kijani la shaba, kwa ujazo uleule hukaribia gramu 400. Mchimbaji anayepima jiwe kiganjani kabla ya kulitia mfukoni anafanya fizikia hiyohiyo, bila daftari. Tahadhari moja tu: mgodi wa Shinkolobwe, ilikotoka sehemu kubwa ya urani wa bomu la Hiroshima, hauko mbali na Likasi, na baadhi ya madini ya urani nayo ni ya kijani. Jiwe lisilojulikana lilikotoka lisiingie darasani. Waya wa shaba na kipande cha sufuria ya alumini vinatosha, maana densiti ya shaba ni zaidi ya mara tatu ya ile ya alumini.

Halafu kuna chumvi. Bonde la Lufira lina chemchemi za chumvi, na ya Mwashya ilikuwa na sifa tangu kabla ya ukoloni. Yai bichi likitiwa kwenye nusu lita ya maji matamu huzama. Vijiko vikubwa vitatu au vinne vya chumvi vikikorogwa humo, linapanda. Uhondo ni hatua inayofuata: maji matamu yakimiminwa polepole juu ya yale ya chumvi, yai husimama katikati ya glasi, halipandi wala halishuki. Yai lipimwe kwanza kwenye maji matamu, kwa sababu lililokaa sana huelea hata humo, jambo ambalo akina mama wanalijua kuliko vitabu.

Udongo wa mfinyanzi hufunga hoja: donge huzama, bakuli la udongo uleule huelea, kwa kuwa hewa iliyomo ndani imeingia kwenye hesabu. Mtumbwi hauna siri nyingine.

Mwanafunzi mkaidi, na kila darasa linaye, atauliza kuhusu kiwanda cha shaba cha Kambove, ambako madini yaliyosagwa hupandishwa juu ya maji pamoja na povu. Shaba imeanza lini kuelea? Jibu liko kwenye karanga zilizokaangwa. Watafiti wakiongozwa na Luiz Pereira wa Munich walichapisha mwaka 2023 uchunguzi wa karanga ndani ya bia: huzama, viputo vikazishika na kuzipandisha, vikapasuka juu, zikashuka tena. Darasani, zabibu kavu ndani ya soda nyeupe hucheza mchezo huohuo. Kiwandani dawa huzifanya chembe zenye madini zing'ang'anie viputo, na povu hukwanguliwa kabla halijapasuka; mawe yasiyo na kitu hubaki chini.