Boma la Tukuyu na Biashara ya Utumwa: Usichanganye Nyakati

Ukitoka Mbeya kupitia Uyole na kufuata barabara ya Kyela, baada ya kilomita 70 hivi unaingia Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe. Mji uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, Mlima Rungwe ukiwa nyuma yake, na mara nyingi utaupokea ukiwa na mvua au ukungu. Hapo ndipo lilipo boma lililojengwa na Wajerumani, na hapo ndipo walimu wengi wa historia wa nyanda za juu huwapeleka wanafunzi kwa ziara ya mafunzo.

Ziara hiyo huzaa jibu moja ambalo hurudi mwaka hadi mwaka. Swali likiuliza uhusiano kati ya eneo la kihistoria ulilotembelea na biashara ya utumwa, mtahiniwa huandika hivi: "Boma la Tukuyu lilijengwa na Wajerumani ili kuhifadhi watumwa kabla ya kupelekwa pwani." Ni kosa. Huenda ameona kuta nene na chumba chenye giza, akakumbuka picha za Bagamoyo na Zanzibar, akaunganisha. Uhusiano wa boma hili na utumwa upo, lakini si huo, na ule wa kweli una mengi zaidi ya kukupatia alama.

Anza na mpangilio wa matukio. Biashara ya utumwa kaskazini mwa Ziwa Nyasa ilikuwa kali zaidi katika miaka ya 1880. Mfanyabiashara aliyetajwa sana ni Mlozi, aliyejenga ngome zake karibu na Karonga, katika Malawi ya leo, ng'ambo ya Mto Songwe. Yeye na wenzake walinunua pembe za ndovu na kukamata watu, kisha misafara ikavuka ziwa kuelekea pwani ya Kilwa. Oktoba 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde waliojificha kwenye matete ya Kambwe na kuyachoma moto matete hayo. Walionusurika walikimbilia kaskazini, kwa Wanyakyusa. Wangonde na Wanyakyusa ni ndugu kwa lugha na mila, na Songwe haukuwa mpaka wa nchi mpaka Waingereza na Wajerumani walipogawana eneo hilo kwa mkataba wa mwaka 1890. Mlozi alipigana na kampuni ya Waingereza ya African Lakes, akasalimika kwa miaka kadhaa, na hatimaye akakamatwa na kunyongwa Desemba 1895.

Sasa linganisha. Kituo cha kwanza cha Wajerumani katika eneo hili hakikuwa Tukuyu. Kilikuwa Langenburg, kando ya ziwa, chini ya Milima ya Livingstone, kilichoanzishwa mwaka 1893. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo makao yalipohamishiwa kwenye baridi ya Tukuyu, yakaitwa Neu Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Kwa hiyo boma unalolitembelea lilijengwa miaka kadhaa baada ya Mlozi kufa. Halikuweza kuwa ghala la watumwa wake.

Uhusiano uko wapi basi? Uko kwanza kwenye sababu ambayo Wajerumani waliitangaza kwa kuja kwao. Mwaka 1888 watu wa pwani, Abushiri akiwa mmoja wa viongozi wao, walipinga kampuni ya Kijerumani. Mwanzoni mwa 1889 bunge la Ujerumani likaidhinisha marki milioni 2 kwa ajili ya kukomesha biashara ya utumwa na kulinda maslahi ya Ujerumani Afrika Mashariki. Soma tena sehemu ya pili ya sentensi hiyo. Fedha hizo zilimwezesha Hermann von Wissmann kuajiri askari na kuuvunja upinzani wa pwani. Wissmann huyohuyo ndiye aliyekuja Ziwa Nyasa na kuanzisha Langenburg, akiwa na meli iliyopewa jina lake na kugharamiwa kwa bahati nasibu iliyochezeshwa Ujerumani kwa lengo la kupinga utumwa. Vipande vya meli vilipitishwa Msumbiji kwa Mto Zambezi na Shire, vikaunganishwa ziwani. (Agosti 1914 meli hiyo ya ukombozi ilikutwa ikiwa kwenye matengenezo kule Liuli, ikapigwa mizinga na Waingereza. Habari za vita zilikuwa bado hazijamfikia nahodha wake.)

Wamisionari nao walitangulia boma. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na misheni za eneo hili zilipokea watu waliookolewa kutoka kwenye misafara. Kule Utengule, mmisionari Elise Kootz-Kretschmer aliandika maisha ya wanawake waliowahi kuwa watumwa, kama walivyoyasimulia wenyewe. Maandishi hayo ni miongoni mwa machache ambamo mtumwa wa kike wa sehemu hizi anasikika akisema. Ukiulizwa mfano wa masimulizi ya mdomo yaliyogeuzwa kuwa maandishi, huo ni mfano mzuri na wa kwenu.

Uhusiano wa pili ndio ambao watahiniwa huusahau: sheria. Wajerumani walipiga marufuku biashara ya utumwa, lakini hawakufuta utumwa. Hayo ni mambo mawili. Mtu aliyekuwa mtumwa wa mtu aliendelea kuwa mtumwa. Agizo la mwaka 1901 lilimruhusu kujikomboa kwa kulipa, na ofisi ya wilaya ingeweza kumpa barua ya uhuru. Agizo la 1904 lilisema mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Mama yake hakuguswa. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Linganisha na Zanzibar, ambako soko lilifungwa 1873 lakini utumwa ukafutwa 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Mtu akikuandikia kwamba "utumwa uliisha 1873", amefunga soko akasahau waliokwisha kununuliwa.

Wakati huohuo boma lilidai watu kwa njia nyingine. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na asiye na fedha alilipa kwa kufanya kazi. Malafyale, ambao awali walitawala kwa kushauriana na wazee wa vijiji, waligeuzwa kuwa watu wa kutekeleza maagizo. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika, wanaume wa eneo hili walibebeshwa mizigo na pande zote mbili. Waingereza kutoka Nyasaland waliuteka mji Mei 1916. Je, kazi hizo za lazima ni utumwa? Usiandike hivyo moja kwa moja. Mtu hakuuzwa sokoni. Lakini hakuchagua, na aliyemlazimisha ndiye aliyejiita mkombozi wake. Andika hivyo, na msahihishaji ataona unapima hoja badala ya kukariri.

Ukiwa ndani ya boma, tazama jengo kama chanzo cha historia. Unene wa kuta, mahali lilipowekwa, na njia zinazoonekana kutoka hapo vinakuambia aliyejenga alimwogopa nani. Usikubali kila unachoambiwa na mtu aliyesimama mlangoni. Kule Masoko, kando ya ziwa la kreta ambako askari wa Kijerumani walikuwa na kambi, wenyeji husimulia kuwa Wajerumani walizamisha mali na silaha majini walipokimbia. Simulizi hiyo ni ya thamani, lakini katika mtihani iite simulizi, usiigeuze kuwa tarehe na kiasi.

Aya nzuri ya jibu inaweza kuanza hivi: "Boma la Tukuyu halikuwa kituo cha watumwa, kwani lilijengwa baada ya biashara hiyo kudhoofishwa Karonga mwaka 1895. Hata hivyo, kupinga utumwa kulitumiwa na Wajerumani kuhalalisha uvamizi wao, ilhali utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria zao." Kutoka hapo endelea na ushahidi uliousoma.

Sasa funga kitabu, chukua saa yako, ujibu kwa dakika 35: "Kukomesha biashara ya utumwa kulikuwa kisingizio tu cha Wajerumani kuitawala Tanganyika. Jadili kwa kutumia mifano kutoka eneo la Ziwa Nyasa." Neno la kuliangalia sana katika swali hilo ni "tu".