Ordinateri ya nyumbani: Windows, Mac ao Linux?



Mwezi uliopita katibu wa AVEC yetu alifungua ordinateri ya kikundi ili atusomee hesabu ya akiba. Hakupata kitu. Kila folda ilikuwa na mshale mdogo, na akiibonyeza inakataa. Virusi iliingia kwa flashi iliyotoka kuprinti kwenye sekretaria ya kartie. Kwa bahati njema, kaye ya mkono ilikuwepo. Tulikaa siku tatu tukiandika upya michango ya wamama 24, na wengine walikwisha kuanza kunong'ona kwamba pesa yao imeliwa.

Fundi alipoangalia mashini alituambia kwamba Windows iliyo ndani haikununuliwa, ni ya kuvunjwa kufuli, na haikupata dawa mpya tangu tulipouziwa. Ndipo tukajiuliza swali ambalo hatukuuliza siku ya kununua: mashini hii inaendeshwa na nini?

Sistemu ndiyo programu ya kwanza inayoamka mukiwasha ordinateri. Inasimamia klavye, flashi na programu zingine zote, kama mama wa nyumba anavyojua kila sufuria iko wapi. Kuna tatu zinazojulikana zaidi.

Windows. Ndiyo iko kwenye mashini nyingi, na watoto wetu wanaifundishwa katika somo la ordinateri. Kila fundi anaijua, na printa karibu zote zinaikubali. Lakini kwa kuwa ina watu wengi, virusi nyingi zinatengenezwa kwa ajili yake. Pia, Windows 10 ilifikia mwisho wa ulinzi wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini yenye Windows 10 inaendelea kuwaka, ila matundu mapya hayazibwi tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupewa muda wa nyongeza. Windows 11 inaomba memori ya giga 4, nafasi ya giga 64, na kifaa cha usalama ambacho mashini nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazina. Na nyingi za okazioni tunazouziwa sokoni ni za miaka hiyo.

Mac. Ni nzuri, inadumu, na sistemu yake mpya inatolewa bure. Lakini inakuja na mashini za Apple tu. Hata ya okazioni ni ya bei, na ikiharibika, vipande ni shida kupata. Kwa jamaa nyingi za kwetu, mazungumzo yanaishia hapo.

Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds. Ni bure, na ruhusa ya kuigawa iko wazi, kwa hiyo hakuna kuiba. Inakuja kwa sura nyingi. Moja inaitwa Ubuntu, jina lenye maana ya utu. Wenzetu wanaosema Kinyarwanda ao Kirundi hawahitaji kuelezwa. Nyingine ni Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu. Sura yake inafanana na Windows, inapatikana kwa Kifaransa, na inatosheka na memori ya giga 2, ijapokuwa 4 ni bora. Virusi za Windows zinazopita kwa flashi kwa kawaida haziwezi kufanya kazi ndani yake.

Sisi tuliweka Linux Mint. Hatutaficha ubaya wake. Printa ya mama mmoja ilikataa kabisa. Barua zilizoandikwa kwa Word zinafunguka ndani ya LibreOffice, lakini mara zingine mistari na tabo zinahama. Kijana wetu mmoja wa humanité alilalamika kwamba mwalimu anauliza mahali pa kubonyeza kwenye Word, na nyumbani haoni mahali hapo. Ana haki. Kwa mtoto huyo, Windows ya halali ingemsaidia zaidi.

Basi, kabla ya kutoa pesa, tunashauri hivi:

1. Ulizeni memori, mwaka wa mashini, na kama Windows yake ni ya halali. Muuzaji akicheka, muwe na mashaka.
2. Linux inaweza kujaribiwa kutoka kwa flashi bila kugusa kitu ndani ya mashini. Jaribuni printa na sauti siku hiyo. Kuipakua kunakula karibu giga 3, kwa hiyo wamama kadhaa wachange mega, flashi moja izunguke.
3. Anayebaki na Windows na anatumia mega za simu, aweke alama ya «connexion limitée» ili mashini isimalize mega peke yake. Lakini siku ya wifi aache ipate dawa zake.
4. Kabla ya kubadilisha sistemu, nakilini picha na hesabu zote mahali pengine. Kubadilisha kunaweza kufuta kila kitu.

Hakuna sistemu inayookoa hesabu isiyo na nakala. AVEC yetu sasa inaweka hesabu mara tatu: kwenye ordinateri, kwenye flashi inayokaa kwa mweka hazina, na kwenye kaye. Na kila Jumamosi tunazilinganisha mbele ya wamama wote, ili asiwepo tena mtu wa kunong'ona.