Radi: Mwanga Hutangulia, Ngurumo Hufuata

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au mwezi wa Desemba na kumalizika Aprili, na mara nyingi hunyesha alasiri, zikitanguliwa na wingu jeusi, upepo wa vumbi na radi. Saa hizo mkulima yuko shambani na mchungaji yuko mbugani, kila mmoja mbali na nyumba. Ndiyo maana wiki hii napenda tuzungumze juu ya radi, na hasa juu ya mawimbi yanayotoka humo na kutufikia: mwanga, ngurumo, na ule mkwaruzo unaousikia redioni.

Radi ni umeme. Unapopita hewani huipasha hewa ya njia yake joto linaloweza kufikia nyuzi 30,000 za Sentigredi, karibu mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa hiyo hutanuka ghafla mithili ya mlipuko na kuisukuma hewa ya jirani, nayo huisukuma iliyo mbele yake, hivyo hivyo mpaka sikioni mwako. Sauti si kitu kingine ila msukumo huo unaopokezanwa. Ni kama watu waliosimama mstari kwenye ujenzi wa zahanati wakipeana matofali: tofali hufika mwisho wa mstari ingawa hakuna mtu aliyehama mahali pake.

Kupokezana huko kunachukua muda. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 28, sauti huenda mita 348 hivi kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa sekunde tatu kasoro kidogo. Mtu anaweza kudhani kwamba kwa kuwa Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, sauti huenda kwa kasi tofauti na ya Pwani. Sivyo. Kinachobadilisha kasi ya sauti hewani ni joto, si wepesi wa hewa.

Mwanga hausubiri hewa isukumane. Huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, hata mahali pasipo na hewa kabisa. Ndivyo mwanga wa jua unavyotufikia. Kwa hiyo, radi ikipiga kilomita sita kutoka ulipo, mwanga unauona papo hapo, na ngurumo itakufikia baada ya sekunde 17 au 18. Hesabu sekunde tangu kuona mwanga hadi kusikia ngurumo, kisha gawanya kwa tatu. Jibu ni kilomita. Hesabu polepole, maana mwenye hofu huhesabu mbio, na kilomita zake huwa nyingi kuliko zilizopo.

Sasa, mbona radi ni mara moja lakini ngurumo huviringika muda mrefu? Ni kwa sababu njia ya radi ina urefu wa kilomita kadhaa. Kama ncha moja iko kilomita mbili kutoka kwako na nyingine kilomita tano, sauti ya kwanza itafika baada ya sekunde sita na ya mwisho baada ya kumi na tano. Unachosikia katikati ni sehemu nyingine za radi ile ile, zikiingia kila moja kwa zamu yake. Aidha, sauti kali za juu hufifia mapema njiani, na zile nzito husafiri mbali. Radi ya karibu hupasuka kama mjeledi. Ya mbali huunguruma tu.

Tena ngurumo ina mpaka wake. Hewa ya karibu na ardhi ni ya joto na ya juu ni baridi, kwa hiyo sauti hukimbia zaidi huku chini, na wimbi zima hupinda kuelekea juu. Likishasafiri kilomita 15 au 20 huwa linapita juu ya vichwa vyetu. Mtu aliye Dodoma mjini usiku huweza kuona mwanga ukimulika upande wa Mpwapwa au Kondoa asisikie lolote. Ile ni mvua kamili ya watu wengine, si radi ya aina nyingine.

Hapo ndipo penye jambo la kushika. Radi inaweza kutoka winguni na kupiga kilomita kumi au zaidi kutoka pale mvua inaponyesha, mahali ambapo jua bado linawaka. Maadamu umeisikia ngurumo, basi umo ndani ya eneo inakoweza kufika. Sekunde 30 au pungufu kati ya mwanga na ngurumo ni amri ya kuondoka, na kurudi nje ni baada ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kuondoka kwenda wapi? Si chini ya mbuyu, wala mti wowote. Tembe nayo, pamoja na ubora wake wote wa kuzuia joto, haina njia ya kuupeleka umeme ardhini. Na bati tupu bila kinga ya radi halitoshi. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Oktoba 2018 iliua wanafunzi 6 wa shule moja ya msingi huko Geita. Jengo kubwa lenye nyaya za umeme na mabomba yaliyofukiwa ardhini lina nafuu kubwa, na basi au lori lenye bodi ya chuma lililofungwa madirisha ni mahali pazuri, kwa kuwa umeme hupita nje ya bodi. Wachungaji waliokosa vyote viwili waachane, kila mmoja peke yake, mbali na miti, na jembe au fimbo isibebwe begani.

Wengi wetu tumelelewa kufunika vioo na kuvua nguo nyekundu wakati wa radi. Wekundu ni wimbi la mwanga lenye urefu wa sehemu saba za elfu kumi za milimita, na kioo kazi yake ni kurudisha mwanga. Umeme hauulizi rangi; unatafuta njia ya kufika ardhini. Kanga nyekundu haijamponza mtu. Kinachosikitisha zaidi ni jirani mzee kunyooshewa kidole kwamba ameituma.

Nimalizie na redio. Radi hutoa pia mawimbi ya redio, ndugu wa mwanga, yenye kasi ile ile. Redio ya masafa ya kati husoma ujumbe katika kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi, na radi huipandisha nguvu hiyo ghafla, ndipo inapokwaruza. FM husoma jambo jingine, ndiyo maana haisumbuki sana. Usiku mawimbi ya kati hurudishwa chini na tabaka za juu za anga, kwa hiyo mkwaruzo waweza kutoka mamia ya kilomita. Mchana hayarudishwi hivyo. Mchungaji mwenye redio ya betri akisikia mchana mikwaruzo ikizidi na kukaribiana, hata kama wingu bado liko mbali na ngurumo haijasikika, aanze kuwageuza ng'ombe.