Kaburi Katikati ya Njia

Katika Mwanzo mlango wa 35 twasoma kwamba Raheli alifariki njiani akijifungua. Yakobo akasimamisha nguzo juu ya kaburi lake, ndipo akaendelea na safari. Leo twawaletea habari za wasafiri ambao mara nyingi hawakuweza hata kuacha alama.

Tangu miaka ya 1840, mamia ya maelfu ya watu walivuka Marekani kwenda magharibi, wakitafuta mashamba Oregon na dhahabu California. Kutoka mto Missouri hadi Oregon ni kama kilometa 3,200, mwendo wa miezi mitano hivi kwa magari ya kukokotwa na maksai. Wengi walitembea kwa miguu, watoto pia, maana gari lilijaa unga na vyombo. Kipindupindu kiliwaua wengi, hasa kati ya 1849 na 1852. Mtu aliamka mzima, akazikwa jioni. Watoto wengine walianguka chini ya magurudumu.

Mtoto akifa, mara nyingi kaburi lilichimbwa katika njia yenyewe, na magari yakapitishwa juu yake. Tusidhani huo ulikuwa ukatili. Walishindilia udongo ili mbwa-mwitu wasifukue maiti. Kisha mama akaendelea kutembea, kwa kuwa wakichelewa theluji ingewakuta milimani. Sisi wachungaji, tuliozoea kuwakemea watu kwa matanga marefu, twanyamaza kidogo hapa.

Mwaka 1844 Henry na Naomi Sager walifariki safarini, wakaacha watoto saba, mmoja akiwa mchanga aliyezaliwa njiani. Walipokelewa na wamisionari, Daktari Marcus Whitman na mkewe Narcissa. Mama huyo alikuwa amempoteza mtoto wake wa pekee, binti wa miaka miwili, aliyezama mtoni mwaka 1839. Akawachukua wote saba.

Lakini kilio hakikuwa cha wageni tu. Mwaka 1847 ukambi uliingia, ukawaua Wacayuse wengi, wenyeji wa nchi ile, hasa watoto wao, kwa kuwa miili yao haikuwa na kinga. Wagonjwa wengi wa kizungu walipona. Baadhi ya Wacayuse wakaamini kwamba daktari anawapa sumu, na tarehe 29 Novemba wakamwua yeye na Narcissa. Wavulana wawili wa Sager waliuawa pia.

Kwa mapatano ya mwaka 1855 Wacayuse walitengewa eneo la Umatilla. Nao wakahama, wakayaacha nyuma makaburi ya watoto wao.