Ua Jipya Linaponyauka Ndani ya Nyumba

Ua la ndani lililonunuliwa karibuni likaanza kudhoofika huko Homa Bay au Migori huenda halina ugonjwa wowote. Maua mengi ya kuuza hukuzwa nyanda za juu. Kisii, kwa mfano, iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Homa Bay uko kando ya Ziwa Victoria, ambalo uso wake ni mita 1,134 hivi, na joto la mchana hupita nyuzi 30 mara kwa mara. Mmea uliozoea ubaridi na kivuli, kisha ukapigwa na upepo juu ya matatu, huangusha majani. Fikasi hupukutika kwa kuhamishwa tu. Jani moja au mawili ya chini yakigeuka manjano katika majuma ya kwanza, hilo ni jambo la kawaida. La kutia wasiwasi ni majani machanga ya kileleni kulegea au kuwa meusi, au shina kulainika pale linapoingia udongoni.

Dalili inayowapotosha watu kuliko zote ni kunyauka. Mmea wenye kiu hunyauka, na uliooza mizizi hunyauka vilevile, kwa sababu mizizi iliyooza haiwezi kufyonza maji hata yakiwa tele. Mwenye nyumba akiona majani yamelegea huongeza maji, na ua hufa upesi zaidi. Kwa hiyo udongo upimwe kwanza kwa kidole, hadi pingili ya pili. Ukiwa mkavu, mmea unywe hadi maji yatoke chini. Ukiwa umelowa na majani bado yamelegea, mmea utolewe chomboni uangaliwe. Mizizi mizima ni migumu na myeupe, au ya kahawia hafifu. Iliyooza hupondeka mkononi. Ukiivuta, ganda hubanduka na kubaki uzi mwembamba, na udongo wake hunuka vibaya.

Mara nyingi kosa ni la chombo: ndoo ya rangi au mkebe wa mafuta ya kupikia usiotobolewa. Udongo nao huchangia. Ule mweusi wa mfinyanzi unaopatikana sehemu nyingi za Homa Bay hushika maji na kuinyima mizizi hewa, kisha ukikauka hupasuka na kuikata. Uchanganywe na mchanga wa chengachenga na samadi iliyooza vizuri. Inasikitisha kwamba mmea unaouzwa kwa jina la ZZ, ambao asili yake ni Afrika Mashariki na Kusini, huuawa kwa maji humu humu kwao, ingawa una viazi chini ya ardhi vya kuhifadhi maji ya kiangazi.

Karatasi nyeusi ya kitalu pia huficha mambo. Pengine mche uling'olewa shambani na kutiwa humo siku chache kabla ya kuuzwa, ukiwa na mizizi michache isiyotosha majani yake. Huo uwekwe kivulini na kupunguzwa majani. Pengine bonge la udongo mwekundu uliogandamana limepandikizwa ndani ya udongo mwepesi: maji hupita pembeni, juu panaonekana pamelowa, na katikati ni pakavu kabisa. Bonge hilo lizamishwe katika ndoo ya maji hadi mapovu yaishe.

Mwanga ni rahisi kuutambua. Mabaka makavu upande wa dirisha la magharibi ni jua la alasiri. Shina refu lenye majani madogo yaliyoachana ni giza la mapazia mazito. Ncha za majani zikikauka huku mizizi ikiwa mizima, huenda maji ni ya kisima chenye chumvi, na ya mvua yatafaa zaidi. Chini ya majani patazamwe utando mwembamba wa utitiri au wadudu weupe wenye unga kama pamba. Hao hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na ua litengwe na mengine.

Mbolea isubiri hadi chipukizi jipya litokee, kwani mizizi iliyojeruhiwa huunguzwa nayo. Jani lililogeuka manjano halirudi kuwa kijani, kwa hiyo nafuu hupimwa kwa majani mapya. Shina likiwa limeoza chini lakini juu bado ni gumu, likatwe juu ya sehemu iliyooza. Kipande cha drasena au cha money plant kikiwekwa kwenye glasi ya maji huota mizizi baada ya majuma machache.