Mwanafunzi Katika Utafiti wa Tiba

Wako wanaodhani kwamba utafiti wa tiba ni kazi ya mabingwa peke yao, wenye maofisi katika mitaa kama Rohero, katikati ya jiji la Bujumbura. Sivyo. Chini ya bingwa wapo wasaidizi, na miongoni mwao ni wanafunzi wa chuo kikuu.

Mfano ulio karibu ni malaria. Mwaka 2000 na 2001 Burundi ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa ugonjwa huo. Wagonjwa walioandikwa walikaribia milioni 3, katika nchi yenye watu wasiofika milioni 7 wakati huo. Klorokwini, dawa iliyotegemewa kwa miaka mingi, ilikuwa imeshindwa. Dawa zikafanyiwa majaribio, na mwaka 2003 serikali ikaanza kutumia artesuneti pamoja na amodiakwini.

Jaribio la namna hiyo huendeshwaje? Mtoto mgonjwa hupewa dawa mbele ya mhudumu. Kisha damu yake hupimwa tena na tena, hadi siku ya 14 au ya 28. Hapo ndipo msaidizi anapohitajika: kuchoma kidole, kupaka damu kwenye kioo, kuhesabu vijidudu kwa hadubini, na kuandika. Mtoto asiporudi kituoni, hufuatwa nyumbani kwao.

Jua linapokuwa kali na nyumba haijulikani, kishawishi huwa kikubwa cha kuandika kwamba mtoto amepona. Lakini utaratibu umekwisha kutoa njia: asiyeonekana aandikwe kuwa hakuonekana. Nafasi tupu haidanganyi mtu. Tarakimu ya kubuni huifanya dawa iliyochoka ionekane ingali na nguvu, na watakaolipa gharama yake ni watoto watakaopewa dawa hiyo kesho.

Lipo na jambo la ridhaa. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 lilitamka kwamba mtu hafanyiwi utafiti bila kuelezwa na kukubali kwa hiari yake. Mama asiyejua Kifaransa hana budi kuelezwa kwa Kirundi au Kiswahili, na kuambiwa wazi kwamba akikataa, mwanawe atatibiwa vilevile.

Kwa hiyo wakuu wa utafiti wanapaswa kumfundisha mwanafunzi, kumpa glavu, na kukagua kazi yake; wasimfanye mtumwa wa bei nafuu. Naye akumbuke kwamba dawa ya taifa zima huanzia katika daftari lake.